Mkanda mweupe na mvi kichwani

Upo mchezo wa kupigana usiokuwa na ngumi wala teke. Unaitwa jiu-jitsu ya Kibrazili. Wachezaji wawili hushikana mavazi, huangushana, na kazi yenyewe huanza wakiwa chini kwenye mkeka: kubanana, kugeuzana, kutafuta nafasi ya kuukunja mkono wa mwenzako au kumkaba shingo kwa ukosi wa vazi lake mwenyewe. Anayezidiwa hupiga kofi mara mbili tatu juu ya mwili wa mwenzake au juu ya mkeka. Huko ndiko kugonga. Akigonga anaachiwa palepale, wanapeana mikono, wanaanza upya.

Mchezo huu umefika Nairobi na Dar es Salaam, na popote ulipofika haukuwavuta vijana peke yao. Wapo wanaofunga mkanda mweupe wa mwanafunzi kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 45, 50, hata zaidi. Tafakari ya leo inamhusu mtu huyo, hasa siku ile anaporudi nyumbani mbavu zinamuuma, akijiuliza kama mambo haya ni ya umri wake. Maoni yangu ni kwamba, ikiwa daktari hajamkataza, asiache. Na sababu nitakazotoa, mpendwa msomaji, zinakuhusu hata wewe ambaye hutaukanyaga mkeka huo maisha yako yote.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1914 Mjapani Mitsuyo Maeda, mtaalamu wa judo, aliwasili Brazil, na baadaye akafanya makazi katika mji wa Belém. Huko alimfundisha kijana Carlos Gracie, naye Carlos akawafundisha ndugu zake. Mdogo wao, Hélio, aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa na umbo dogo. Mbinu zilizotegemea nguvu hazikumfaa, hivyo akazirekebisha zitegemee wenzo na subira, kama mtu anayeng'oa jiwe kubwa kwa mtaimbo. Hélio alifariki Januari 2009 akiwa na miaka 95, na hata baada ya kupita 90 alikuwa bado akiingia mkekani.

Basi mchezo uliotengenezwa na mtu mdogo ili asipondwe na wakubwa hauwezi kumkataa mtu ambaye nguvu zake zinapungua. Hata katika mashindano ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo yapo madaraja ya umri yanayoanzia miaka 30, na la mwisho ni la wenye miaka 61 na kuendelea.

Pamoja na hayo, miezi ya kwanza ni migumu kwa kila mtu, na kwa mtu mzima ni migumu zaidi. Unafundishwa kuanguka. Unafundishwa kujisogeza chini kwa nyonga, na nyonga zinakataa. Kisha unapangiwa kijana wa miaka 22, mwenye mkanda wa bluu, rika la mwanao wa mwisho. Anakuamkia shikamoo, anakukaba, unagonga. Mnaanza tena, anakukaba tena. Dakika 5 zikiisha umegonga mara nne, unahema kama mtu aliyepanda mlima, naye anakuinamia kwa adabu: "Asante, mzee."

Walimu wa mchezo huu husema kwamba wengi wanaoacha huacha wakiwa bado na mkanda mweupe. Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka mweupe kwenda bluu, zambarau, kahawia, hadi mweusi, huchukua takriban miaka 10 kwa mwenye bidii. Aliyeanza na miaka 50 anapiga hesabu na kuvunjika moyo: nitakuwa na 60! Lakini, ndugu yangu, hiyo 60 itakuja hata ukibaki kwenye kochi.

Nadhani kinachomtoa mtu mzima mkekani mara nyingi ni aibu kuliko goti. Kwetu umri ni heshima. Mzee hutengewa kiti, husalimiwa kwanza, huombwa neno la mwisho kwenye kikao. Ni desturi njema, wala sitaki ife. Ila ina gharama yake: kadiri miaka inavyokwenda, tunakosa mahali pa kusema "sijui, nifundishe". Hata ule usemi wa wahenga, samaki mkunje angali mbichi, uliosemwa kwa ajili ya malezi ya watoto, tumeugeuza cheti cha kustaafu kujifunza. Tunasahau kwamba wahenga haohao walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, wala hawakutaja umri wa mwenye kuinama.

Tazama makanisani mwetu. Yupo baba aliyekaa kiti cha mbele kwa miaka 20, lakini mhubiri akitaja kitabu cha Habakuki, anafungua ukurasa wowote na kutulia, kwa sababu hajui kilipo na hathubutu kumuuliza mjukuu. Yupo mama ambaye hakupelekwa shule utotoni. Anatamani kusoma Maandiko mwenyewe, na darasa la watu wazima lipo, lakini anaogopa kuonekana akishika kalamu. Yupo aliyeoa na kuzaa bila kubatizwa, na sasa anaona haya kukaa darasa moja la ubatizo na watoto wa jirani. Hawa wote hawakosi imani, wanachokosa ni ujasiri wa kufunga mkanda mweupe.

Nikodemo alikuwa mwalimu wa Israeli, mtu mwenye jina. Alimwendea Yesu usiku, na wengi wamehisi kuwa aliogopa kuonekana. Lakini alikwenda, akauliza maswali ambayo mwanafunzi wake angeweza kuyacheka. Apolo naye, tunasoma katika Matendo ya Mitume sura ya 18, alikuwa hodari wa maneno na mjuzi wa Maandiko. Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walipomchukua kando na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, hatusomi kwamba aliwauliza wao ni nani. Alisikiliza, na huduma yake ikaongezeka nguvu.

Nirudi kwenye kugonga, maana hapo ndipo tunapoelewa vibaya neno uvumilivu. Wengi hudhani mvumilivu ni yule asiyekubali kushindwa. Mkekani, asiyekubali kugonga huumia kiwiko au hupoteza fahamu, na majeraha ya mtu wa miaka 50 hayaponi upesi kama ya kijana. Anayegonga mapema hurudi Jumanne ijayo. Baada ya mwaka ni yeye aliyefanya mazoezi mara nyingi zaidi, naye ndiye anayeanza kuona mtego kabla haujafyatuka. Kugonga kunamfanya adumu.

Sasa jiulize ni wangapi kati yetu wanaojua kugonga. Baba amelemewa na madeni, anatabasamu ibadani na kutoa ahadi ya mchango asioweza kuulipa. Mchungaji amechoka hadi usingizi umempaa, lakini anakubali kila mwaliko. Mjane anaambiwa ajikaze, naye anajikaza hadi presha inamlaza hospitali. Kusema "nimezidiwa, naomba nipumue" tunakuhesabu kuwa udhaifu, na tunakuja kushtuka mtu anapoanguka. Kanisa lingekuwa mahali salama zaidi kama mtu angeweza kugonga akaachiwa, bila kusengenywa kwenye jumuiya.

Hapa lazima niseme jambo moja wazi, lisije likachukuliwa vibaya. Kugonga kuna maana kwa sababu mwenzako anakuachia. Mtu akigongewa na asiachie, huyo si mwenza wa mazoezi, na mwalimu mwenye akili humtoa mkekani siku hiyohiyo. Kwa hiyo asitokee mtu akachukua maneno haya na kumwambia mwanamke anayepigwa nyumbani kwamba avumilie. Huo ni ukatili, haumfundishi mtu chochote. Wajibu wetu kwake ni kumtoa pale na kumfikisha penye usalama.

Kuendelea na mazoezi ukiwa na umri, basi, kuna taratibu zake, na hazimvunjii mtu heshima. Mwone daktari kwanza, hasa kama una presha, kisukari au tatizo la mgongo. Mazoezi mawili kwa wiki, miaka mitano, yatakufikisha mbali kuliko mazoezi sita kwa wiki kwa miezi miwili. Chagua wa kushikana naye. Si lazima ujipime na kila kijana mwenye haraka. Mama ana haki ya kufanya mazoezi na wanawake wenzake. Pumzika vya kutosha. Na usijilinganishe na kijana wa miaka 22. Jilinganishe na wewe wa mwaka jana, ambaye hakuweza kuinuka sakafuni bila kushika kiti. Kuanguka bila kuvunjika na kuinuka bila kusaidiwa ni ujuzi ambao kila mzee atauhitaji, awe na mkanda au asiwe nao.

Najua lipo pingamizi. Mtu ataniambia kwamba Paulo alimwandikia Timotheo kuwa faida ya mazoezi ya mwili ni ndogo. Ni kweli kwamba aliyaweka chini ya utauwa, na hapo ndipo mahali pake. Anayekosa ibada kila Jumapili kwa ajili ya mkeka amepindua mpangilio. Lakini hata hiyo faida ndogo ni faida, na miili hii tumekabidhiwa kuitunza. Mwingine atauliza kama yafaa Mkristo kujifunza kukaba watu. Nadhani mtu aliyezoea kuachia shingo ya mwenzake mara tu anapoguswa amejifunza kuzuia nguvu zake, na sijui ni nyumba gani isiyohitaji mtu wa namna hiyo.

Yakobo alipovuka kivuko cha Yaboki hakuwa kijana. Alikuwa na wake, watoto kumi na mmoja na mifugo mingi. Mambo yake yalikuwa yameshanyooka. Ndipo usiku huo akashikwa mieleka hadi alfajiri. Uvungu wa paja lake uliteguka. Alichofanya ni kukataa kuachia hadi abarikiwe. Asubuhi alitoka pale akichechemea, akiwa na jina jipya. Mungu hakusubiri awe kijana tena ndipo ambariki, wala hakumwondolea ule uchechemeaji.

Basi wewe uliyefunga mkanda mweupe ukiwa na mvi, usiufungue wiki hii kwa sababu ya kijana mmoja aliyekukaba. Na wewe ambaye darasa lako ni la kusoma, la ubatizo, la kinanda au la kompyuta, nenda ukajiandikishe kesho Jumatatu, ukae kiti cha nyuma ukipenda, lakini ukae. Watoto watakaokukuta humo watakuamkia shikamoo kama kawaida. Itikia marahaba, kisha waulize wamefika ukurasa wa ngapi.