Sodo ndani ya gazeti

Mwezi uliopita mama watoto alinituma dukani baada ya Isha nikamnunulie binti yetu sodo. Nikakuta wanaume watatu barazani. Nikanunua chumvi kwanza, nikanunua kiberiti, nikingoja waondoke. Hawakuondoka. Nilipotaja nilichotumwa, mwenye duka aliinama, akaifunga pakiti kwa kurasa mbili za gazeti na kunipitishia kama magendo. Nina miaka arobaini na kitu, diploma ninayo, na niliondoka pale jasho likinitoka.

Zamani kazi ya lile gazeti ilifanywa na mfuko mweusi wa plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, na leo ni nadra kuiona. Juni mwaka huohuo, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametia saini mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya Msingi: kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo za kutosha bila malipo, na pawe na mahali salama pa kuzitupa. Sheria mbili, mwaka mmoja. Ya mifuko ilikuja na faini na askari. Ya sodo ilitegemea wazazi waulize, na sisi tunaona haya hata kulitaja neno lenyewe mkutanoni. Shuleni kwa binti yangu sodo huja muhula huu, muhula ujao hazionekani, na hakuna anayeuliza zimekwama wapi.

Ukiuliza haya hii imetoka wapi, utaambiwa dini. Dini ipi? Chuoni tulisomeshwa Safina tukiwa wavulana wadogo, na tulijua kwamba hedhi haizidi siku 15 kabla hatujajua ni kitu gani. Maalim alilitamka neno hilo mchana kweupe. Bi Aisha alipoingia hedhini safarini kwenda Hija akalia, Mtume (s.a.w.) alimliwaza kwamba ni jambo ambalo Mungu amewaandikia mabinti wa Adamu, akamwambia afanye yote wafanyayo mahujaji isipokuwa kutufu. Hakumficha mtu.

Mila nazo tusizisingizie. Mtoto akivunja ungo alikuwa na somo wake, aliyemfunza kuvaa sodo, kuifua na kujitwahirisha. Neno lenyewe ni letu, halikuja na pakiti za dukani. Siku hizi somo tunamkumbuka harusi ikikaribia, na mtoto wa miaka 12 tumemwachia simu na wenzake wa darasani.

Wakubwa nao hawajatusaidia. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na suruali nyeupe yenye doa jekundu. Wenzake wakalalamika, na Spika Amason Kingi, mtu wa kwetu Kilifi, akamtaka atoke akabadilishe. Seneta ana gari la kumrudisha nyumbani. Mtoto wa gredi ya saba hufunga sweta kiunoni na joto lote hili la Pwani, au habanduki kwenye dawati mpaka wenzake watoke.

Na tusidhani pakiti peke yake inatosha. Sodo yafaa kubadilishwa kila baada ya saa chache. Msichana anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi alasiri anahitaji choo chenye mlango unaofungika, maji na sabuni. Wako wanaotumia vitambaa, kwa sababu katika nyumba inayonunua unga wa kupima, pakiti ya sodo hushindana na chajio. Kitambaa si kibaya kikifuliwa vizuri na kuanikwa juani kikakauka. Lakini nani anakianika juani? Hufichwa chini ya godoro kikiwa bado kibichi, na ubichi ndio hulea vijidudu. Maji yenyewe ni ya kisima cha chumvi, povu halitoki, au ni dumu la mkokoteni ambalo lazima kwanza lipike.

Binti yangu alikosa shule siku mbili mwezi ule. Nilidhani ni homa. Ni mamake aliyeniambia, tena kwa kunong'ona, kwamba choo cha wasichana hakina komeo.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ijayo. Nitasimama nimuulize mwalimu mkuu sodo zilizofika muhula huu ni pakiti ngapi, na komeo litatiwa lini. Akina baba wawili wamekubali kukaa karibu nami.