Mambo ya Nyumbani: Swichi ya Pampu Yaishi Muda Gani?

Juma hili twajibu swali la baba mmoja akaaye huko chini ukingoni mwa ziwa. Auliza hivi: swichi ya pampu ya maji, ile iwashayo na kuzima mashine yenyewe bila mkono wa mtu, yapaswa kuishi miaka mingapi? Yeye amebadili swichi mara mbili katika mwaka mmoja, na sasa adhani kwamba wauzaji wamempunja. Twamjibu hapa mbele ya wote, kwa maana shida yake ni shida ya nyumba nyingi.

Sisi wa Bijombo hatukuzoea swali la namna hii. Huku milimani maji ya chemchemi hushuka yenyewe. Ukilaza bomba vizuri, uzito wa maji wafanya kazi yote. Lakini tangu mapigano ya mwaka 2018 watu wengi wa milima hii wameyahama makao yao, na baadhi yao wameshuka mpaka Uvira na uwanda wa Ruzizi. Huko maji ya kisima hayashuki, bali hupandishwa: pampu yayavuta, tangi layapokea, bomba layagawa. Mtu aliyelelewa kwa chemchemi hajui kwamba sasa kikombe chake cha maji chategemea vipande vichache vya madini, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya hindi.

Tena asidhani mtu kwamba ni jambo la starehe tu. Katika mwaka 2015 wataalamu wa London School of Hygiene & Tropical Medicine, pamoja na wenzao wa Uvira, walitangaza katika jarida la PLoS Medicine hesabu waliyoifanya mjini Uvira kwa miaka ya 2009 hadi 2014. Waliona kwamba baada ya siku ambayo mabomba ya mji hayakutoa maji kabisa, idadi ya waliopokewa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu iliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ikilinganishwa na baada ya siku ya maji tele. Bomba likikauka, watu hushika ndoo na kwenda ziwani au mtoni. Hesabu ile ilikuwa ya maji ya mji mzima, lakini nyumba, shule au zahanati yenye pampu yake yenyewe huingia katika hatari iyo hiyo pampu ikisimama. Basi yafaa tujue ni nini huisimamisha.

Tutazame kwanza ndani ya swichi. Chini kabisa mna ngozi ya mpira, na juu yake springi. Maji ya bomba huisukuma ngozi kutoka chini, na springi huisukuma kutoka juu. Maji yakitumika, msukumo wake wapungua, springi yashinda, na vile vipande vya madini vyakutana. Umeme wapita, pampu yaanza kazi. Tangi likishiba, msukumo wa maji wazishinda nguvu za springi, vipande vyaachana, na pampu yalala. Vipande hivyo tutaviita viguso. Swichi nyingi za nyumbani zimepangwa kuwasha pampu kwa pauni 20 kwa kila inchi ya mraba na kuizima kwa pauni 40, yaani bari 1.4 na 2.8. Nyingine huwasha kwa pauni 30 na kuzima kwa 50.

Uso wa viguso kwa kawaida ni madini ya fedha yaliyochanganywa na kitu cha kuyatia ugumu, kama oksidi ya bati. Fedha imechaguliwa kwa sababu hakuna madini yapitishayo umeme vizuri kuliko hiyo.

Sasa, adui wa viguso si umeme upitao kwa utulivu. Adui ni ule muda mfupi wa kukutana na ule wa kuachana. Vikikutana, hudundadunda kidogo kabla ya kutulia, na wakati uo huo mota inaamka na njaa: hudai umeme mara 5 hadi 7 kupita ule wa kazi yake ya kawaida. Mota iendayo kwa ampea 8 huweza kudai ampea 40 hadi 56 inapoanza. Vikiachana nako, umeme haukubali kukatwa mara moja. Huruka pengo kwa ulimi mdogo wa moto wenye joto la maelfu ya digrii. Kila mara chembe ya fedha huyeyuka na nyingine hutoka kama moshi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukimaliza.

Hatimaye viguso hufa kwa njia mojawapo kati ya mbili. Ama huungua na kuchimbika hata visipitishe umeme tena, na pampu haiwaki. Ama huyeyuka na kushikamana kama vilivyochomelewa, na pampu haizimi. Njia hii ya pili ni ya hatari zaidi, kwa kuwa msukumo hupanda, mabomba huweza kupasuka, na mota huweza kuungua.

Basi hili ndilo jibu letu kwa yule baba: maisha ya viguso hayahesabiwi kwa miaka. Yahesabiwa kwa idadi ya kuwasha na kuzima. Na idadi hiyo haiamuliwi na muuza duka tu. Yaamuliwa zaidi na hali ya tangi na mabomba ya nyumba.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme viguso vyaweza kuvumilia kuwashwa mara 100,000, na nyumba yatumia lita 350 kwa siku. Tangi la lita 100 lenye mfuko wa mpira na hewa ya kutosha, likiwa na swichi ya pauni 20 na 40, hutoa kama lita 35 kabla pampu haijahitajiwa tena. Hivyo pampu yawaka mara 10 kwa siku, na viguso vyakaa siku 10,000, yaani zaidi ya miaka 27. Lakini hewa ya tangi ikivuja, au mfuko ukipasuka, tangi hujaa maji tupu. Maji hayabanwi kama hewa. Hayawezi kuhifadhi msukumo. Pengine baada ya lita moja tu pampu yaamka. Hapo yawaka mara 350 kwa siku, na viguso vile vile, kutoka duka lile lile, vyaisha katika siku 286, yaani miezi 9 na siku chache. Tofauti yote imetokana na hewa.

Yeyote nyumbani, hata mtoto wa shule, aweza kuupima ugonjwa huu kwa ndoo. Twaa ndoo ya lita 20, ifungulie bomba, na usikilize pampu. Tangi kama lile la mfano wetu likiwa zima, pampu itaamka mara moja tu au isiamke kabisa kabla ndoo haijajaa. Ukisikia yawaka na kuzima, yawaka na kuzima, mara nne, mara tano, jua kwamba tangi lina ugonjwa, na swichi yalipa deni lake. Kisha usiku, watu wote wamekwisha kulala na mabomba yamefungwa, sikiliza tena. Pampu ikiamka hali hakuna achotaye, kuna mahali maji yanavuja, au vali ya kuzuia maji yasirudi kisimani imeharibika.

Baada ya kupima, yafuate haya:

1. Kabla ya kufungua kifuniko cha swichi, kata umeme kwenye swichi kuu, uhakikishe kwamba umekatika kweli. Usiwaruhusu watoto kusogea. Asiyejua kazi ya umeme amwite fundi, wala asione haya.

2. Pima hewa ya tangi walau mara mbili kwa mwaka. Zima pampu, fungua bomba mpaka maji yaishe tangini, kisha weka kipimo cha magurudumu ya gari penye vali ya hewa. Hewa yapasa kuwa pauni 2 chini ya kipimo cha kuwasha: swichi ikiwasha kwa pauni 20, hewa iwe 18. Ikipungua, ijaze kwa pampu ya baiskeli. Yakitoka maji penye vali ya hewa, mfuko umepasuka.

3. Kijaribu kijibomba chembamba kilichobeba swichi. Kutu na tope hukiziba, na swichi isipohisi msukumo vizuri huweza kutetemeka, ikawasha na kuzima mara nyingi kwa dakika moja.

4. Hakikisha kifuniko kimefungwa vema na tundu la nyaya limezibwa. Sisimizi hupenda kuingia humo. Hufia katikati ya viguso, na maiti zao huzuia umeme kupita.

5. Usivisugue viguso kwa tupa wala kwa msasa. Tupa huondoa ile fedha uliyoilipia, na msasa huacha chembe za mchanga. Weusi peke yake si ugonjwa. Viguso vilivyochimbika sana dawa yake ni swichi mpya.

6. Umeme ukiwa hafifu, taa zikiwa nyekundu kama makaa, izime pampu na ungoje. Mota isiyoweza kuamka huendelea kudai umeme mwingi, na hapo ndipo viguso hushikamana.

Kwa shule au zahanati yenye mota kubwa kuna njia iliyo bora zaidi. Fundi aweke kontakta, yaani swichi nene iliyotengenezwa kwa kubeba umeme wa mota. Swichi ndogo ya msukumo haitabeba mzigo tena. Itaiamrisha kontakta tu, kama mnyapara anayenyosha kidole na wapagazi wakabeba. Hivyo viguso vyake huishi muda mrefu sana.

Neno moja pia kwa walio mahali pasipofika nyaya za umeme, kama huku kwetu, wanaotamani pampu ya jua. Umeme wa nyaya hubadili mwelekeo, nao hufika sifuri mara 100 kwa kila sekunde, kwa hiyo ule ulimi wa moto hupata nafasi ya kuzimika. Umeme utokao moja kwa moja kwenye vibao vya jua hauna pumziko hilo. Moto wake hung'ang'ania. Swichi ya kawaida, hata ikiandikwa ampea nyingi, yaweza kuungua upesi ikikata umeme wa namna hiyo. Muulize muuzaji kama swichi imeandikiwa umeme wa mkondo mmoja, na kwa kiasi gani cha volti.

Kwa hiyo, baba uliyetuuliza, kabla ya kununua swichi ya tatu, nunua kwanza kipimo cha hewa, au uazime kwa jirani mwenye gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huenda ukakuta kwamba wauzaji hawakukupunja, ila tangi lako limekufa kimya kimya tangu zamani, na kila swichi uliyoleta ilikuja kufa pamoja nalo. Litengeneze tangi, kisha weka swichi mpya, na uandike tarehe ndani ya kifuniko. Na mpaka siku hiyo, weka nyumbani mitungi miwili ya maji safi yenye vifuniko, ili pampu ikisimama ghafula, watoto wasikimbilie ziwani.