Samaki wa mama mdogo wamemwagwa shimoni

Wadau, nimepotea kidogo, msinilaumu, wiki ya testi mnaijua wenyewe. Leo nilitaka kuwaandikia habari za foleni ya kafeteria, lakini jana usiku mama mdogo kanipigia simu kutoka Kibaoni, na tangu hapo sijasoma hata ukurasa mmoja.

Kwa wasiopajua, Kibaoni ni kwetu Katavi, barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga, ukishaipita hifadhi. Mama mdogo anauza samaki pale: perege wa Ziwa Rukwa, na dagaa wa Tanganyika wanaopitia Karema. Juzi tenga lake lilizuiwa njiani (wapi na nani, sisemi), akaambiwa perege ni wadogo. Kweli walikuwa wadogo, sibishi. Faini kalipa. Ila samaki wakaachwa juani mpaka wakaoza, halafu wakamwagwa shimoni. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma, hao samaki ndo wamerudi ziwani?"

Nilikosa jibu, jamani. Kanuni zetu za uvuvi zinajua sana kupima urefu wa samaki. Mnakumbuka Juni 2018? Maofisa waliingia kantini ya Bunge pale Dodoma na rula, wakapima sato waliokwisha kupikwa! Wakawakuta chini ya sentimita 25, mwenye kantini akatozwa laki tatu. Wabunge waling'aka, nchi ikacheka, na mimi nilicheka. Lakini samaki akishafika kwenye sahani unamwokoaje?

Fikirini upande wa mvuvi. Samaki mdogo akinasa kwenye nyavu, mara nyingi anatolewa amekwisha kufa. Akimleta mwaloni, ni kosa. Akimtupa majini, hakuna aliyemwona wala atakayemwandika kwenye takwimu. Yaani sheria iliyowekwa kumlinda samaki inamfundisha mvuvi kumtupa!

Wenzetu walishaliona hili. Norwei ilianza kupiga marufuku kutupa samaki mwaka 1987. Umoja wa Ulaya ulibadili sera yake mwaka 2013, na kuanzia 2015 hadi 2019 ukawataka wavuvi, hatua kwa hatua, walete nchi kavu samaki wanaovuliwa kwa mgawo, wahesabiwe humo humo, na wale wadogo wasiuzwe kuwa chakula cha watu. Hawajafika mbali sana, maana nani atamchungulia mvuvi katikati ya bahari? Ripoti ya FAO ya 2019 ilikadiria kwamba duniani hutupwa tani milioni 9 hivi kila mwaka. Lakini angalau wao wanauliza swali linalotakiwa.

Sisemi tuige kila kitu. Ninachotaka ni kwamba mvuvi akileta wadogo wachache walionasa kwa bahati mbaya, waandikwe, wachukuliwe bila malipo, wapelekwe shule ya bweni au hospitali siku hiyo hiyo. Najua mtaniambia watu watavua wadogo makusudi. Ndo maana nimesema bila malipo! Faini nzito zimwendee anayeingiza nyavu haramu na mwenye makokoro, siyo mama wa tenga. Na msiniambie kugawa haiwezekani. Mwaka 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa na tani zaidi ya 290 za samaki, na wale "samaki wa Magufuli" wakagawiwa kwenye taasisi. Imewezekana kwa meli nzima, tenga moja ndo linashindikana?

Halafu kuna dagaa, na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu hao wala hawana kosa kisheria. Wanaanikwa mchangani, mvua ya masika inashuka, mzigo wote unageuka uvundo. Kwenye ziwa hilo hilo, upande wa Burundi, FAO iliwafundisha watu kuanika kwenye chanja za waya zilizoinuliwa kama mita moja. Dagaa wakawa wanakauka kwa saa nane hivi badala ya siku kadhaa, na bei ikapanda. Waya na miti tu, jamani, siyo roketi.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mimi niliunga mkono, ingawa najua kuna nyumba zililala njaa. Lakini unamwambia mtu akae miezi mitatu bila kipato, halafu ziwa likifunguliwa anarudi kuanika kwenye mchanga ule ule, barafu hana? Si tumewafugia nzi? Sera ikiamuru kufunga, iamuru na chanja, na barafu, na bajeti yake iandikwe hapo hapo.

Mama mdogo bado anadaiwa hela ya tenga lile. Nimemtumia elfu ishirini kwenye bumu langu, kwa hiyo wiki hii ni wali maharage tu. Testi ni kesho saa mbili, na bado sijafungua daftari.