Malipo yanapita, programu inaganda



Naomba nafasi katika gazeti hili niseme na kampuni zinazotuuzia mpira na tamthilia kupitia simu. Ipo moja iliyonisukuma kuandika, lakini sitaitaja jina, maana tabia hii si yake peke yake.

Mimi ni fundi simu hapa Mlowo. Siku za mechi kubwa wateja wangu wengi hawaleti kioo kilichopasuka wala simu isiyopokea chaji. Wanaleta simu nzima kabisa, ila ina programu moja ambayo ukiibonyeza inaonyesha nembo, kiduara kinazunguka, basi. Haifunguki, haijizimi, haisemi kitu. Na mwenye simu kifurushi cha mwezi ameshalipia. Ndiyo maana yuko mezani kwangu badala ya kwenda kibanda umiza na wenzake, kwa sababu huko atatoa kiingilio kuangalia mechi ambayo hela yake ilishakwenda.

Akipiga huduma kwa wateja, jibu ni lilelile kila siku: zima simu uwashe, futa data za programu, iondoe, ipakue upya. Mtu aliye kwenye waifai ya ofisi haoni shida. Huku kwetu kupakua upya ni bando lake mwenyewe, kisha asubiri SMS yenye namba ya kuingilia, na akishaiingiza anarudi palepale kwenye nembo. Sisemi ushauri huo haufai kamwe. Mafaili ya muda yakiharibika, kuyafuta kunasaidia kweli. Na simu iliyojaa video za WhatsApp mpaka memori haina pumzi itaganda tu, hapo siwezi kuilaumu kampuni. Lakini zipo sababu nyingine ambazo wale wa kwenye simu hawaziulizi hata kwa bahati mbaya.

Chukua suala la saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na Tunduma na Nakonde zimegusana. Mawimbi ya minara hayasimami mpakani kugongewa pasipoti. Mfanyabiashara wa mahindi akiwa Tunduma, simu yake ikashika mtandao wa upande wa pili, saa inarudi nyuma. Anakasirika, anaingia kwenye mipangilio, anazima kila kinachojiseti chenyewe, anaisogeza saa kwa mkono. Kwa macho iko sawa. Ila simu bado inaamini ipo kwenye majira ya Zambia, kwa hiyo kwa hesabu zake za ndani imetangulia dunia kwa saa nzima. Sasa programu inaomba kibali cha kuingia. Seva inatoa kibali cha muda mfupi, simu inakitazama kwa saa yake, inaona kimeshapitwa na wakati, inaomba kingine. Nacho kimepitwa. Kiduara kitazunguka hadi mechi iishe. Dawa yake ni kuchagua majira ya Afrika Mashariki na kuiacha saa ijiseti yenyewe. Hata senti haitoki. Wasomaji wa Tunduma, jaribuni hilo kabla hamjafuta chochote. Huduma kwa wateja wanaohudumia nchi yenye mpaka kama huu walipaswa kuwa wa kwanza kuuliza saa ya simu inasemaje.

Tena kuna kasoro ambazo hata mimi fundi siwezi kuzigusa. Programu nyingi huazima sehemu ya Android iitwayo WebView ili kuonyesha kurasa zake. Machi 2021 sehemu hiyo ilisasishwa vibaya, na programu zikaanza kujifunga zenyewe duniani kote, Gmail ikiwemo, mpaka Google walipotoa marekebisho. Siku hiyo ungefuta na kupakua mpaka bando likauke, usingepona, kwa sababu kosa halikuwa lako.

Halafu kuna simu zenye Android ya zamani, zile za mtumba na za kurithiana, ambazo huku ni nyingi. Watengenezaji wakiboresha programu huacha nyuma matoleo ya zamani. Sina ugomvi na hilo. Hakuna anayeweza kuihudumia simu kuukuu milele. Ugomvi wangu uko kwenye malipo. Unalipa kwa menyu ya pesa ya simu, na menyu hiyo hufanya kazi hata kwenye kitochi. Haiulizi kama simu yako itaifungua programu. Sijapata kuona mteja aliyegandiwa na malipo. Hela inapita mara moja, ujumbe wa shukrani unaingia, na siku za kifurushi zinaanza kuhesabiwa papo hapo, picha iwepo isiwepo.

Kwa nini programu isifunguke kwanza, ndipo ikubali hela? Na ikishindwa, kwa nini isiandike sababu kwa Kiswahili: saa yako si sahihi, simu yako ni ya toleo la zamani, seva yetu ina hitilafu? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua nchi nzima. Tuliambiwa sababu, tukavumilia. Mtanzania akiambiwa tatizo hana neno. Anachochoka nacho ni kuzungushwa.

Msiniambie kwamba siku zikishapotea haziwezi kurudi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipoweka masharti mapya ya vifurushi vya simu, kampuni zilitakiwa kumruhusu mteja aendelee na salio lake akinunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujaisha. Kama megabaiti zinaweza kuvushwa, siku za mpira zinashindwaje? Kampuni inaona kwenye kumbukumbu zake nani alilipa na hakufanikiwa kutazama hata dakika moja. Naliomba Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lilitazame jambo hili, kwani mteja mmoja mmoja hawezi kushindana na kampuni kwa sababu ya kifurushi cha mwezi. Anakasirika, anakata tamaa, mwezi unaofuata analipa tena.

Msimu wa kahawa hapa Mbozi ndio unaoingiza hela mifukoni, na hela hiyo hununua simu na vifurushi. Kabla haijaanza kutoka, naiomba kampuni husika ijibu kupitia gazeti hili: mteja aliyelipa na programu ikagoma kufunguka, anarudishiwa siku zake kwa utaratibu gani, na ampigie nani?

Fundi simu,
Mlowo, Mbozi,
Songwe.