Punje ya Ngano na Deni la Mia Tano



Juma lililopita alitujia mama mmoja, uso umemsawijika. "Maalim," akasema, "nilikopa shilingi mia tano tu za sare ya mwanangu. Leo nadaiwa elfu kumi na sita." Sharti la mkopeshaji lilikuwa moja: kila mwezi upitao bila ya malipo, deni huwa maradufu. Miezi mitano ilikuwa imepita, na mumewe hajui.

Tulimsimulia kisa cha punje ya ngano, nasi twaona kinafaa kuwafikia nyinyi pia.

Ibn Khallikan, mwanahistoria wa karne ya 13, ameeleza kuwa mfalme wa Bara Hindi alitaka kumtuza Sissa, mwenye hekima aliyebuni sataranji. (Hukumu ya mchezo wenyewe si maudhui yetu leo.) Sissa aliomba punje moja kwa mraba wa kwanza wa ubao, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, na kurudufu vivyo hivyo mpaka wa 64. Mfalme aliidharau haja hiyo. Makarani walipohesabu, ngano ya nchi nzima haikutosha.

Jumla yake ni 18,446,744,073,709,551,615. Mwanachuoni Al-Biruni aliipiga hesabu hii mnamo mwaka 1000. Ni nambari witiri, nayo yagawika kwa 3, kwa 5 na kwa 17 bila ya baki. Watoto nyumbani na wahakiki: tarakimu ya mwisho ni 5, na tarakimu zote zikijumlishwa hupatikana 87, yaani 29 mara tatu.

Lakini sifa yenye mazingatio zaidi ni hii: kila mraba huzidi jumla ya yote iliyoutangulia kwa punje moja. Moja, mbili na nne ni saba. Unaofuata ni nane.

Turejee kwa mama yetu. 500, 1,000, 2,000, 4,000 na 8,000 jumla ni 15,500. Mwezi wa tano peke yake umezidi yote hayo kwa mia tano, ile ile aliyokopa. Akingoja miezi mitano mingine, atadaiwa 512,000.

Ndiyo maana Sura ya Aal-Imran, aya ya 130, imetukataza riba ya maradufu kwa maradufu. Na riba, iwe ndogo au kubwa, ni haramu. Na Al-Baqara, aya ya 280, imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula.

Wazee wa mtaa sasa wanazungumza na mkopeshaji. Lakini, enyi mama na dada zetu, aliyemwonea mumewe haya kwa mia tano, amwambieje kwa elfu kumi na sita? Nanyi waume, msiwe wakali hata wake zenu wakaona mkopeshaji ni rahisi kuwaendea kuliko nyinyi. Tuambizane mapema, punje ingali punje.

Wabillahi tawfiq.