Zimamoto Waambiwe Kinachopita

Ubavuni mwa behewa la tangi barani Ulaya hubandikwa kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili. Ukikuta 33 juu na 1203 chini, ndani mna petroli. Askari wa zimamoto anayezijua namba hizo habahatishi: anajua asogee hadi wapi na azime kwa kitu gani. Ila kibao kina maana pale tu kinaposema kweli, na kinapomfikia mhusika kabla moto haujakila. Hapo ndipo hata nchi tajiri bado zinachechemea.

Usiku wa kuamkia Julai 6, 2013, treni ya mabehewa 72 ya mafuta ghafi iliachwa bila mtu mteremkoni Nantes, jimbo la Quebec, Kanada. Dereva alikuwa mmoja tu, naye alikwishakwenda kulala. Kichwa cha treni kikashika moto. Zimamoto wakauzima, na injini ikazimwa pia. Upepo wa breki ukavuja taratibu, na breki saba za mkono zilizofungwa hazikutosha. Treni ikateremka yenyewe kama kilomita 11 hadi katikati ya mji wa Lac-Mégantic, ikaacha njia na kulipuka. Watu 47 walikufa. Wachunguzi wakagundua, pamoja na mengine, kwamba mafuta yale yalikuwa mepesi kushika moto kuliko hati zake zilivyodai.

Tangu hapo matangi yameimarishwa, Kanada na Marekani pia, na ni kazi ya kupongezwa. Habari ndizo zilizobaki nyuma. Kanada iliziamuru kampuni za reli ziipe miji taarifa za shehena hatari, lakini za jumla ya mwaka. Si za treni inayopita usiku huu. Kisha Februari 2023, huko East Palestine, Ohio, beringi ya gurudumu ikapata joto kupita kiasi na mabehewa 38 yakaacha njia. Orodha ya shehena ilichelewa kuwafikia waokoaji waliokuwa tayari wanapambana na moto! Mwaka uliofuata ndipo Marekani ikatoa kanuni ya kuzitaka kampuni ziwe na orodha hiyo kielektroniki, tayari kwa waokoaji wakati wowote.

Wapo wanaohofia kwamba orodha ikitoka itaangukia mikononi mwa wahalifu. Hatudai ibandikwe sokoni. Wala hatutaki mzigo huu uhamishiwe kwenye malori, maana reli ingali njia salama zaidi.

Tunachodai ni hiki. Tanzania na Kenya zimejenga reli za kisasa, na kanuni za mizigo ya hatari ni rahisi kuzitunga sasa kuliko baada ya mazishi. Kabla treni yenye kemikali au mafuta haijaingia wilayani, kamanda wa zimamoto wa wilaya hiyo awe nayo orodha: behewa kwa behewa, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayeipokea saa nane za usiku.