Python ya mfumo haifutwi, jamani!

Nilipotea kidogo, majaribio yamenibana. Leo naandika na hasira, mnivumilie.

Hapa kampasi tuna mabingwa wa kompyuta. Mwambie Ubuntu yako ya 22.04 ina Python 3.10 na wewe unataka 3.12, jibu fasta: "Toa ya zamani, weka mpya, unaogopa nini?" Mimi mtoto wa ualimu nikaamini. Sikuifuta, nashukuru Mungu, ila jina python3 la mfumo mzima nikalielekeza kwenye 3.12. Na kompyuta yenyewe ya kuazima! Ni ya mwenzangu wa chumba, maandalio yake yote ya somo ya mafunzo kwa vitendo yamo humo.

Nikafunga teminali. Kuifungua tena, kimya. Nabofya, kimya. Jasho likanitoka.

Kumbe kinachofungua teminali ya Ubuntu hiyo ni kiprogramu kilichoandikwa kwa Python, na kinategemea vipande vilivyoundwa kwa ajili ya 3.10. Hata add-apt-repository ni Python. Sasa hiyo mnaiita ya zamani wakati ndiyo inayoshika funguo za nyumba?

Nilibonyeza Ctrl+Alt+F3, nikaingia kwenye ile skrini nyeusi, nikaandika:

sudo ln -sf /usr/bin/python3.10 /usr/bin/python3

Ikafunguka. Mwenyewe alikuwa amelala (kaka, ukisoma hapa nisamehe).

Matoleo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi wowote. Ukiijenga mwenyewe kutoka msimbo wake, malizia na make altinstall badala ya make install. Utapata python3.12, na jina python3 halitaguswa. Halafu kila kazi ipewe chumba chake: python3.12 -m venv kazi. Basi!

Watengenezaji wenyewe walishatuchoka. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, pip inakataa kuweka vitu ndani ya Python ya mfumo, inakuandikia externally-managed-environment. Mabingwa wetu wanafundisha nini? Ongeza --break-system-packages! Amri inakwambia kabisa kuwa unavunja, na wewe unabonyeza Enter.

Wao wana kompyuta zao, wakiharibu wanaweka mfumo upya, wanacheka. Sisi tunaazima. Na mimi nikimaliza hapa naenda kufundisha, labda shule yenye kompyuta tatu kwa darasa zima. Niwapelekee watoto ushauri huu?

Ngoja nikimbie, nina kipindi saa nane.